CRDB na NMB: ukuaji wa nani unafika kwenye hisa yako?

Kila taarifa za fedha zinapotoka, ubishi ni ule ule: kati ya benki hizi mbili za Tanzania, CRDB imekua kuliko NMB, au NMB imeiacha CRDB? Mmoja anataja faida iliyopanda kwa asilimia 30, mwenzake anamjibu kwa gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa, la mamia ya shilingi kwa hisa moja, na wote wawili wanasema kweli. Shida ni kwamba namba hizo bado hazimsaidii mtu anayetafuta hisa inayouzwa chini ya thamani yake. Mtu huyo ananunua kipande cha benki. Anachotaka kujua ni kiasi gani cha ukuaji kimefika kwenye kipande chake, kimetoka wapi, na bei ya leo imeshakihesabu kwa kiasi gani.

Kwa zoezi hili sijui jozi nzuri kuliko hii sokoni kwetu. NMB ilizaliwa mwaka 1997 baada ya Benki ya Taifa ya Biashara kugawanywa, na CRDB ya sasa ilianza mwaka 1996 baada ya benki ya ushirika na maendeleo vijijini kubinafsishwa. NMB iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008 kwa shilingi 600 kwa hisa, CRDB ikafuata mwaka 2009 kwa shilingi 150. Zinagombania wateja wale wale: mtumishi wa serikali mwenye mkopo wa mshahara, mfanyabiashara wa Kariakoo, chama cha ushirika cha korosho, wakala wa mtaani. Zinasimamiwa na Benki Kuu moja na zinatoa taarifa kwa muundo mmoja. Tofauti utakayoiona kwenye hesabu zao, sehemu kubwa ni tofauti ya kweli.

Faida zote humu ni za baada ya kodi, za mwaka mzima, kwa bilioni nzima za shilingi. Za CRDB ni za kundi zima, yaani benki pamoja na kampuni zake tanzu.

Tuanze na mwaka wa kuanzia, maana hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika bila kudanganywa na mtu.

Mwaka 2017 CRDB ilipata faida ya bilioni 36. Mwaka 2023 ilipata bilioni 424. Gawanya 424 kwa 36 upate kama 11.8, kisha tafuta mzizi wa sita wake kwa sababu ni miaka sita. Kwenye Excel unaandika =(424/36)^(1/6)-1. Jibu ni karibu asilimia 51 kwa mwaka. Fanya vivyo hivyo kwa NMB, kutoka bilioni 93 hadi 542, unapata asilimia 34. Ukiishia hapo utasema CRDB imeiacha NMB mbali sana.

Lakini 2017 haukuwa mwaka wa kawaida. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa imepanda katika sekta nzima, uwiano wake kwa mikopo yote ukapita asilimia 10 ilhali Benki Kuu inataka usizidi 5, na mabenki yakalazimika kutenga fedha nyingi kwa hasara. CRDB iliumia zaidi: miaka mitatu nyuma, 2014, ilikuwa imepata bilioni 96. Kwa hiyo sehemu ya ile asilimia 51 ni mgonjwa aliyeinuka kitandani. Kuinuka ni jambo jema, ila hakujirudii. Aliyekwisha kupona haponi tena mwaka ujao.

Sasa anza 2014, kabla ya dhoruba. CRDB kutoka 96 hadi 424 kwa miaka tisa ni asilimia 18 kwa mwaka. NMB kutoka 155 hadi 542 ni karibu asilimia 15. Pengo la pointi 17 limebaki pointi 3, na hakuna namba iliyobadilishwa ila mwaka wa kuanzia.

Ndiyo maana nashauri usipime kutoka mwaka mmoja hadi mwaka mmoja. Chukua wastani wa miaka mitatu ya mwanzo na wastani wa miaka mitatu ya mwisho, kisha ukokotoe kati ya wastani hizo mbili. Kwa CRDB, 2017 hadi 2019 ni 36, 64 na 120, wastani 73. Kwa 2021 hadi 2023 ni 268, 351 na 424, wastani 348. Kutoka katikati ya kundi la kwanza hadi katikati ya kundi la pili ni miaka minne, kwa hiyo mzizi wa nne: asilimia 48 hivi. NMB kwa njia hiyo hiyo, wastani wa 111 hadi 420, inapata kama asilimia 39. Pengo limepungua kwa nusu ingawa miaka ya mwanzo bado ni mibaya. Wastani haufuti mwaka mbaya, ila unauzuia usitawale hesabu nzima peke yake.

Kuna na mpaka mwingine hapo katikati. Tarehe 1 Januari 2018 kanuni ya kimataifa ya hesabu iitwayo IFRS 9 ilianza kutumika, na mabenki yakaanza kutenga fedha kwa hasara inayotarajiwa badala ya kusubiri mkopo uharibike kwanza. Fedha hizo zinazotengwa nitaziita tengo. Tengo la 2017 na tengo la 2019 hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Ukilinganisha tengo kuvuka mpaka huo, andika alama pembeni ili ukumbuke.

Faida ya benki na faida ya hisa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hela ya mwanahisa ilipo.

NMB ina hisa milioni 500, na idadi hiyo haijaongezeka katika miaka yote tunayoizungumzia. CRDB ina hisa bilioni 2.61. Jambo la kwanza linalotoka hapo ni dogo, ila linawapotosha wengi wanaoanza: faida kwa hisa ya NMB mwaka 2023 ilikuwa kama shilingi 1,084, ya CRDB kama 162, na mtu anahitimisha kuwa NMB ni bora karibu mara saba. Hapana. CRDB imekatwa vipande zaidi ya mara tano ya vile vya NMB. Hisa ya NMB ikiwa shilingi 5,000, soko linasema NMB nzima ni trilioni 2.5. CRDB inafika thamani hiyo hiyo hisa yake ikiwa shilingi 957. Usilinganishe shilingi za hisa moja na za nyingine. Linganisha jinsi kila moja inavyokua ikijilinganisha na yenyewe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 2015 CRDB iliongeza mtaji kwa kuwauzia wanahisa wake hisa mpya, moja kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa shilingi 350. Hisa mpya zilikuwa milioni 435 na zilileta bilioni 152. Idadi ya hisa ikatoka bilioni 2.18 hadi bilioni 2.61.

Rudia hesabu ya miaka tisa, safari hii kwa hisa moja. Mwaka 2014, bilioni 96 kwa hisa bilioni 2.18 ni kama shilingi 44. Mwaka 2023 ni shilingi 162. Ukuaji kwa mwaka ni asilimia 15.6. NMB, ambayo haikuongeza hisa, inabaki na asilimia 14.9 ile ile. Lile pengo la pointi 3 sasa halifiki pointi moja. Sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kama kasi ya CRDB kuishinda NMB ilikuwa mtaji mpya uliotoka mifukoni mwa wanahisa wenyewe.

Sisemi CRDB ilikosea. Benki inayokopesha lazima iwe na mtaji wa kutosha nyuma ya mikopo yake, na mtaji unapatikana kwa njia kuu mbili: kubakiza faida au kuomba kwa wanahisa. NMB ilibakiza. Gawio lake limekuwa karibu theluthi moja ya faida mwaka baada ya mwaka, na theluthi mbili zinabaki kazini. Kwa hiyo kabla ya kusifu ukuaji wowote, tazama taarifa ya mabadiliko ya mtaji wa wanahisa, uone mstari wa hisa zilizotolewa una namba au una kistari. Ukiwa na namba, faida ya jumla haifai tena kulinganishia. Tumia faida kwa hisa.

Ni kanuni hiyo hiyo ukivuka mpaka. Benki ya KCB ya Kenya ilinunua National Bank of Kenya mwaka 2019, na mwishoni mwa 2022 ikachukua hisa nyingi za Trust Merchant Bank ya Kongo. Equity, nayo ya Kenya, iliichukua benki ya BCDC ya Kongo mwaka 2020. Mali na amana huruka mwaka wa ununuzi bila tawi moja la zamani kuongeza mteja hata mmoja. Ukuaji wa kununua upime kwa bei iliyolipwa, usiuchanganye na ukuaji uliotoka jikoni mwa benki yenyewe.

Ukuaji umetoka mstari gani?

Sheria inazitaka benki zetu zichapishe taarifa kila robo mwaka, na zote hutumia jedwali moja. Lifungue la CRDB na la NMB ubavu kwa ubavu. Kwenye mapato na matumizi kuna nguzo nne: robo hii, robo kama hii mwaka jana, jumla tangu Januari, na jumla ya kipindi hicho mwaka jana. Namba ziko kwa mamilioni ya shilingi. CRDB ina seti mbili, ya benki na ya kundi. Kosa la kawaida ni kuchukua benki mwaka huu na kundi mwaka jana kwa sababu macho yamehama nguzo. Chagua moja na ubaki nayo. Mimi nashauri kundi, kwa kuwa mwanahisa anamiliki kundi.

Shuka mstari kwa mstari: mapato ya riba, gharama za riba, mapato halisi ya riba, mikopo iliyofutwa, tengo la hasara ya mikopo, mapato yasiyo ya riba, gharama za uendeshaji zenye mishahara ndani yake, faida ya uendeshaji, kodi, faida halisi. Chini kabisa kuna idadi ya wafanyakazi, faida kwa hisa na idadi ya matawi. Nakili mistari yote, sio faida peke yake.

Kisha kokotoa kitu ambacho jedwali halikupi: faida kabla ya tengo. Jumlisha mapato halisi ya riba na mapato yasiyo ya riba, toa gharama za uendeshaji, usiguse tengo. Mfano wa kujifunzia: benki ina mapato 800, gharama 450, tengo 250. Faida kabla ya kodi ni 100. Mwaka wa pili mapato ni 840, gharama 460, tengo 130, na faida ni 250. Tangazo litasema faida imepanda kwa asilimia 150. Faida kabla ya tengo imetoka 350 hadi 380, sawa na asilimia 8.6. Biashara imekua kwa asilimia 8.6, mengine yote ni tengo lililopungua. Tengo likifika chini halina pa kushuka tena, na mwaka huo tangazo litabadilika ghafla huku benki ikiwa ni ile ile.

Ndivyo ilivyo sehemu ya safari ya benki zote mbili baada ya 2017, na zaidi kwa CRDB iliyoanguka zaidi. Tazama mwendo wa faida: CRDB ilipanda asilimia 62 mwaka 2021, 31 mwaka 2022, 21 mwaka 2023, kisha 30 mwaka 2024 ilipofika bilioni 551. NMB ilipanda asilimia 45 mwaka 2020, 41 mwaka 2021, 48 mwaka 2022, kisha 26 mwaka 2023. Mtu akichukua asilimia 48 akaibandika kwenye miaka mitano ijayo, anajiandalia hasara.

Chanzo cha pili cha kupanda haraka ni gharama. Mapato yakiwa 100 na gharama 60, faida ni 40. Mapato yakipanda asilimia 20 na gharama asilimia 10, faida inakuwa 54, yaani asilimia 35 zaidi. Hivyo ndivyo mawakala na simu zilivyofanya kazi: mteja anayetoa pesa dukani kwa wakala hahitaji tawi jipya wala keshia. Lakini uwiano wa gharama kwa mapato nao una sakafu. NMB imeshafika jirani ya asilimia 40, CRDB iko juu yake kwa pointi kadhaa, na kiwango ambacho Benki Kuu inataka benki zisivuke ni 55. Maana yake kwa mwenye kulinganisha: CRDB bado ina mafuta ya kukamua kwenye gharama kuliko NMB, na NMB kuanzia sasa itakua zaidi kwa mapato yenyewe. Kwangu hili ni la kutazamwa zaidi kuliko asilimia ya faida ya mwaka jana.

Chanzo cha tatu ni bei ya amana. Chukua gharama za riba za mwaka, gawanya kwa wastani wa amana, yaani za mwanzo wa mwaka ukijumlisha na za mwisho kisha ukagawanya kwa mbili. Usigawanye kwa amana za mwisho peke yake, maana benki inayokua haraka itaonekana inalipa riba ndogo kuliko ilivyo. Fanya kwa miaka mitano. Amana zikipanda asilimia 20 na gharama za riba zikapanda asilimia 40, benki inanunua ukuaji kwa amana za muda maalumu zenye riba kubwa. Amana za mishahara na za biashara zinazolala kwenye akaunti za kawaida ndizo ngome ya benki hizi mbili, na ngome ikianza kupasuka utaona nyufa hapo mapema kuliko kwenye faida.

Kumbuka pia kuwa upepo uliwavumia wote. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitoa hatua za kushusha riba, zikiwemo mkopo maalumu wa trilioni moja kwa mabenki kwa riba ya asilimia 3 kwa masharti ya kukopesha sekta binafsi kwa riba isiyozidi 10, na nafuu ya akiba ya lazima, ile ambayo mabenki hutakiwa kuiweka Benki Kuu, kwa benki zinazokopesha kilimo kwa kiwango hicho. Ukuaji wa mikopo ulioletwa na hatua kama hizi hauonyeshi nani bora kati ya washindani wawili. Gawanya mikopo ya CRDB kwa mikopo ya NMB kila mwaka, uone uwiano unaelekea wapi. Hiyo inafuta upepo na kubakiza mbio.

Mikopo chechefu na hila ya kigawanyo

Benki zote mbili katika miaka ya karibuni zimekaa chini ya asilimia 5 ya mikopo chechefu, na hilo ni jema. Ila uwiano huu unashuka kwa njia tatu, na moja tu ndiyo nzuri.

Wateja wanaweza kulipa. Hiyo ndiyo nzuri. Benki inaweza kufuta mikopo mibaya kwenye vitabu. Au benki inaweza kukopesha kwa kasi mpaka mikopo mipya imeze ile mibaya. Mikopo 1,000 yenye chechefu 50 ni asilimia 5. Mwaka ujao mikopo 1,300, chechefu 52, asilimia 4. Tangazo litasema ubora umeimarika, wakati mikopo mibaya imeongezeka. Mkopo uliotolewa jana hauwezi kuwa chechefu leo, unahitaji miezi ya kutolipwa kwanza. Kwa hiyo gawanya chechefu ya mwaka huu kwa mikopo ya mwaka jana: 52 kwa 1,000 ni asilimia 5.2. Kisha ongeza mstari wa mikopo iliyofutwa. Benki mbili zenye uwiano sawa kwenye tangazo zinaweza kutofautiana sana hapo.

Kwa hesabu za katikati ya mwaka, usizidishe robo ya kwanza kwa nne. Mikopo ya mazao ina misimu yake, korosho ya Mtwara na Lindi huuzwa kuanzia Oktoba na pesa hurudi baadaye, na matengo mengi husawazishwa Desemba. Chukua mwaka mzima uliopita, ongeza jumla ya mwaka huu hadi sasa, toa jumla ya kipindi hicho mwaka jana. Mwaka uliopita 400, nusu mwaka huu 240, nusu mwaka jana 190, jibu ni 450. Huo ni mwaka kamili wa miezi 12 iliyopita, na una kila msimu ndani yake mara moja.

CRDB ina jambo moja ambalo NMB haina: kampuni tanzu Burundi tangu 2012 na Kongo, yenye makao Lubumbashi, tangu 2023. Faida ya Bujumbura hupatikana kwa faranga za Burundi, kisha hugeuzwa shilingi. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha sana thamani ya faranga. Tawi linaweza kukua kwa faranga na kusinyaa kwa shilingi mwaka huo huo. Ndiyo maana nguzo ya kundi ukiitoa nguzo ya benki, baki lake ufuatilie peke yake. Kongo Mashariki na Katanga ni soko ambalo mzigo wake mwingi unapita bandari ya Dar es Salaam, na wateja wanazungumza lugha hii hii, kwa hiyo mantiki ya biashara ipo. Ila ni ukuaji wenye hatari ya sarafu na ya siasa, na mwekezaji makini hauhesabu shilingi kwa shilingi sawa na ule wa Mwanza.

Gawio halibishani

Faida ni maoni ya mhasibu yaliyokaguliwa. Gawio ni pesa iliyotoka. Kwa mwaka 2019 NMB ililipa shilingi 96 kwa hisa, kwa 2024 ikalipa 428.85: karibu asilimia 35 kwa mwaka kwa miaka mitano. CRDB ilitoka 17 hadi 65, karibu asilimia 31. Kwa kipimo hiki NMB iko mbele, na ndicho kipimo pekee kati ya vyote ambacho hakihitaji marekebisho ya tengo, wala ya hisa mpya kwa kipindi hicho. Lakini angalia na sehemu ya faida iliyotolewa. Gawio likikua kwa kasi kuliko faida kwa miaka mingi, benki inakula mbegu. Hapa haiko hivyo: NMB imebaki kwenye theluthi yake, na CRDB kwa 2024 imetoa bilioni 170 kati ya 551, yaani chini kidogo ya theluthi.

Bei

Mpaka hapa tumepima ukuaji. Sasa uliza soko linalipa kiasi gani kwa ukuaji huo. Nitatumia bei za kujifunzia, si za leo: NMB shilingi 5,000, CRDB shilingi 500, na hesabu za 2023. Bei kwa faida, yaani bei ya hisa ukiigawanya kwa faida kwa hisa, ni 4.6 kwa NMB na 3.1 kwa CRDB. Wengi wanaishia hapo na kusema CRDB ni rahisi.

Nenda hatua moja mbele. Gawio la NMB kwa 2023 lilikuwa shilingi 361.18. Likikatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla gawio halijakufikia, ya asilimia 5 linabaki 343, sawa na asilimia 6.9 ya bei. La CRDB lilikuwa 50, linabaki 47.50, sawa na asilimia 9.5. Weka pembeni hatifungani ya serikali, yaani mkopo ambao mwekezaji anaikopesha serikali kwa riba, ya miaka 25, ambayo mwaka 2022 riba yake ilipangwa kuwa asilimia 12.56. Ili hisa ilingane na hatifungani hiyo, gawio likijumlishwa na ukuaji wake wa kudumu vifike 12.56. Kwa NMB ukuaji unaohitajika ni kama asilimia 5.7 kwa mwaka. Kwa CRDB ni kama asilimia 3.

Mfumuko wa bei Tanzania mwaka 2023 ulikuwa asilimia 3.8. Kwa bei hizo za mfano, soko linaitaka CRDB ikue chini ya mfumuko wa bei, na NMB juu yake kidogo tu. Ubishi wote wa nani alipanda 21 na nani 26 unageuka kuwa swali dogo na gumu zaidi: ni ipi kati ya hizi ina uhakika mkubwa wa kupita kizingiti chake, yaani ule ukuaji unaohitajika, hata mwaka kama 2017 ukirudi? Mwaka ule NMB ilishusha gawio kutoka 104 hadi 64. CRDB ililipa shilingi 5, baada ya kulipa 17 kwa mwaka 2015. Kizingiti cha CRDB ni kifupi zaidi, na historia yake ya kujikwaa ni ndefu zaidi. Ukiona punguzo la bei linatosha kulipia hatari hiyo, nunua. Ukiona halitoshi, lipia zaidi upate NMB. Badilisha bei, gawio na riba ya hatifungani uweke za siku unayonunua, kwa sababu chochote kati ya hivyo vitatu kikihama, vizingiti navyo vinahama.

Na usitegemee bei ifuate hesabu zako haraka. Hisa ya NMB ilikaa muda mrefu kwenye shilingi 2,340, wakati faida kwa hisa ikitoka 284 mwaka 2019 hadi 412 mwaka 2020. Bei kwa faida ilishuka kutoka kama 8 hadi chini ya 6, na wauzaji walikuwa wachache kwa sababu wenye hisa kubwa, kampuni ya uwekezaji ya Arise na serikali, kwa pamoja wanashikilia zaidi ya asilimia 60 na hawauzi. Kabla ya kumpa dalali oda, muulize hisa ngapi zimeuzwa wiki hii na kwa bei ipi, kisha weka kikomo cha bei kwenye karatasi ya oda, ile bei ambayo kizingiti ulichokokotoa bado kinakutosha.